Kofia Iliyofumuliwa Mezani

Katika ukoo wa Bi Vipimo hakuna aliyewahi kununua kofia ya baridi dukani. Si kwamba ilikatazwa. Hakuna aliyethubutu tu. Majira ya baridi yakikaribia, kila mtu alijua fungu lake: kofia moja ya sufu na jozi moja ya slipa za kuvaa ndani, vyote vimefumwa kwa mkono, vimetiwa kwenye mfuko wa karatasi na kufungwa kwa kipande cha uzi uleule. Na ole wako upokee halafu useme ahsante kwa sauti ya chinichini. Utaulizwa kama unaumwa.

Jina la Vipimo alibandikwa na marehemu mumewe, maana mama huyu hakuwahi kufuma hata kofia ya kichanga bila kupima. Kabatini kwake kulikuwa na boksi la viatu, na ndani ya boksi nyayo za ukoo mzima: vipande vya kadibodi vilivyokatwa kwa kufuata mguu wa kila mmoja, nyuma vimeandikwa mwenyewe ni nani na alipimwa lini. Ukienda kumsalimia, kabla hujavuta kiti, unasikia, "Vua kiatu." Na asubuhi hapimi ng'o! Mguu wa asubuhi ni mwongo, alikuwa akisema. Umelala, umejinyoosha, unajifanya mwembamba. Ukweli wa mguu utaujua jioni, ukishabeba mwili kutwa nzima. Mwanawe wa pekee, fundi wa lifti, aliwahi kupita saa mbili asubuhi akiomba apimwe chapuchapu awahi kazini. Akarudishwa mlangoni. "Nenda kapande ngazi za hao wenye lifti mbovu, uje jioni ukiwa umechoka."

Ufundi wenyewe aliupata kwa njia ya aibu, na mimi sitaificha kwa kuwa yeye mwenyewe hakuificha. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi ya dobi hospitalini: mashuka, magauni ya wagonjwa, mapazia. Mwaka wake wa kwanza, mgeni bado, aliletewa mablanketi arobaini ya sufu, mapya, akayatia kwenye mashine kwa moto uleule wa mashuka. Maji yakachemka, mashine ikazunguka saa nzima. Mlango ulipofunguliwa, jamani, yalitoka mablanketi arobaini mazito kama zulia la mlangoni, kila moja linatosha kufunika goti. Goti moja. Msimamizi wa dobi aliketi juu ya ndoo akashika kichwa. Binti akahamishiwa kwenye kufua kwa mkono miezi mitatu, na mablanketi yakaamriwa yatupwe.

Hayakutupwa. Aliyabeba nyumbani mafungu kwa mafungu, akakata moja kwa mkasi kuona litakuwaje. Halikufumuka. Ukingo ulikaa imara kama umeshonwa, hapana uzi hata mmoja uliochomoza. Ndipo akaelewa kwamba sufu ikipikwa na kusuguliwa, nyuzi zake hushikana zikawa kitu kimoja, wala hazikumbuki tena kwamba zilikuwa nyuzi.

Tangu hapo slipa zake akazitengeneza kwa kosa hilohilo. Kwanza anafuma kiatu cha jitu, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kimelegea, ukikiona utacheka. Kisha anakitia kwenye maji ya moto na sabuni, anakisugua na kukipigapiga mpaka kinywee, kifike kwenye mguu wa mwenyewe. Kazi hiyo aliiita kukaza. Kofia hakuzikaza; kofia yataka ivutike, ikae kichwani kwa raha. Kwa hiyo kofia, ukiipata ncha ya uzi wake ukavuta, inarudi kuwa uzi, safu baada ya safu. Slipa iliyokwisha kukazwa hairudi. Hilo msilisahau.

Sasa, Bi Vipimo alikuwa na mdogo wake mmoja, tumbo moja, aliyeitwa Kadogo tangu utotoni, na jina likamganda hata alipompita dada yake kimo, mapana na sauti. Waliolewa mitaa miwili inayopakana. Walizaa, wakafiwa na waume mmoja baada ya mwingine, na kila Jumapili alasiri Bi Vipimo alikwenda kunywa chai kwa Kadogo.

Jumapili moja, miaka minne iliyopita, alifika akamkuta Kadogo kichwa wazi, na pale mezani birika la chai limevaa kofia. Si kofia yoyote. Ni ile ya rangi ya damu ya mzee, yenye ukingo wa kukunja mara mbili, aliyoitolea jasho mwezi mzima kwa sababu kichwa cha Kadogo si kichwa cha mchezo. Birika limeivaa mpaka kwenye mdomo. Limependeza kuliko watu wengine.

Mtu mwingine angecheka. Mtu mwingine angeuliza. Bi Vipimo hakucheka wala hakuuliza. Aliivuta kofia birikani, akaketi bila kuvua koti, akaitafuta ncha ya uzi kwa ukucha, akaanza kuvuta. Krr, krr, krr.

"Dada, unafanya nini?" Kadogo alikuwa amesimama na vikombe mkononi.

Kilele kikaenda, katikati kukaenda, ukingo ukaenda. Yapata dakika ishirini, na katika dakika hizo zote hakuna aliyesema neno, na hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, maana yangekuwa matusi wangetukanana yakaisha. Alipomaliza akauviringa uzi ukawa donge, akalitia mfukoni.

"Birika lako lijitafutie mfumaji wake," akasema, akaondoka. Chai hakuinywa.

Hasira hasara, na hasara yenyewe aliiona kabla hajafika kwake. Alijuta njiani, mguu mmoja mbele mwingine unataka kugeuka. Lakini majuto ya mkubwa kwa mdogo yana kiburi. Hungoja mdogo aje kwanza, apige hodi, ajishushe, ndipo mkubwa asamehe kosa ambalo kalifanya yeye. Kadogo naye hakuja. Alikuwa na shingo yake, na wote wawili shingo hizo walizirithi kwa mama mmoja. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Kila msimu mifuko ya karatasi ilipopangwa kitandani ilipungua mmoja, na Bi Vipimo aliihesabu mara mbili kana kwamba angeweza kuwa amekosea.

Aliyebaki katikati ni mke wa mwanawe. Huyo alikuwa na akili zake. Alijua kwamba ndugu wakigombana wewe shika jembe ukalime, basi akalima: alimtembelea huyu, akamtembelea yule, hakubeba neno la huku kulipeleka kule. Mpaka Jumapili moja ya mwaka huu, alipoingia kwa mama mkwe wake akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, umesikia habari za mama mdogo?"

"Habari zina miguu. Zikinitaka zitakuja."

"Anahama. Jumamosi. Binti yake anamchukua akaishi naye kule kwao, kwenye baridi kali."

Bi Vipimo alikuwa anahesabu vitanzi kwenye sindano. Akapoteza hesabu.

"Anakwenda kwa muda gani?"

"Mama, ameuza kitanda."

Hapo hakuna la kuongeza. Mtu aliyeuza kitanda harudi baada ya wiki mbili. Bi Vipimo alisema "haya" kama anayeambiwa bei ya sabuni, akarudia kuhesabu vitanzi kuanzia mwanzo, akapotea tena palepale. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, Kadogo sabini na mmoja. Katika umri huo mtu akihamia mbali, neno "tutaonana" unalisema ukiwa umetazama pembeni. Na kilichomtia hofu si safari. Kilichomtia hofu ni kwamba Kadogo angeondoka, na picha ya mwisho atakayobeba ya dada yake iwe ni ile ya kucha zinavuta uzi.

Mkwe alipotoka, Bi Vipimo alipiga magoti mbele ya kabati, akaingiza mkono chini kabisa, nyuma ya mashuka, akatoa lile donge. Lilikuwa pale pale miaka minne. Uzi uliofumuliwa haujisahaulishi upesi. Ulikuwa bado umejikunja vimawimbi vidogo vidogo, kila kiwimbi kitanzi cha kofia ya Kadogo. Akaufungua ukawa mkanda mrefu, akauosha kwa maji ya uvuguvugu, akautundika bafuni na kuufungia kikombe cha bati chini ili uzito uunyooshe. Alitazama kikombe kikining'inia kwa kitambo kirefu. Kisha akaenda kulifuata boksi la nyayo.

Kadibodi ya Kadogo ilikuwa ya tano kutoka juu. Nyuma yake: Kadogo, jioni, na tarehe ya miaka mitano nyuma. Aliishika, na ninyi mnajua alichopaswa kufanya, na yeye alijua. Kupima upya. Angekuwa mtu mwingine ameleta kadibodi ya miaka mitano angemfukuza nayo. Lakini kupima kunataka uende, upige hodi, umwambie mtu avue kiatu. Alitaka slipa zitangulie, zifungue mlango, ndipo yeye aingie nyuma yake kama mtu mwenye haki.

Jumanne mkwe alipita akakuta slipa ya kwanza imefika kisiginoni, unyayo wa sufu ya kijivu na juu damu ya mzee. Akaitambua rangi.

"Ni za mama mdogo?"

"Ni za mwenye mguu."

"Mama, si ungekwenda ukampima? Maana siku hizi miguu yake..."

"Nimekuuliza habari za miguu yake?" Bi Vipimo hakuinua macho. "Mguu wa mtu mzima haukui. Nina kipimo chake."

Mganga hajigangi. Yule aliyemrudisha mwanawe mlangoni kwa ajili ya tofauti ya asubuhi na jioni, leo anasema mguu wa miaka mitano iliyopita ni uleule. Mkwe akafunga mdomo, akaenda kulima.

Alhamisi asubuhi akazikaza. Sufuria kubwa ya maji ya moto, sabuni ya mche iliyokunwa, glavu za mpira mpaka kwenye viwiko. Akasugua, akageuza, akapiga kwenye ubao, akatumbukiza kwenye maji baridi, akarudisha kwenye moto. Kila baada ya muda alitoa slipa moja akaiweka juu ya kadibodi: bado, bado, bado kidogo, basi! Rangi mbili ziliungana pembeni bila mstari, vitanzi vikatoweka, sufu ikawa nene na nyororo. Akazijaza magazeti zikauke zikiwa na umbo. Alikuwa ametengeneza jozi mia na zaidi maishani, na hakuna hata moja iliyokaa juu ya kadibodi yake kwa usahihi kama zile. Akaziangalia akaona fahari. Loo, na fahari ile ndiyo iliyomponza, maana hakutaka tena kufikiri.

Jioni mkwe akazipeleka. Bi Vipimo akajifanya ana kazi ya kupanga sindano, kubwa huku, ndogo huku, na alipomaliza kuzipanga akazichanganya akazipanga tena. Mlango ulipofunguka alikuwa anazipanga mara ya tatu.

"Amepokea?"

"Amepokea, mama."

"Amesema nini?"

"Amesema ahsante sana. Amesema zimemkaa vizuri."

"Amesema, au umeona?"

Mkwe alianza kuukunja mfuko mtupu wa karatasi. Akaukunja mara mbili, mara nne.

"Mwanangu," Bi Vipimo akasema, "nimepokea mashuka kwa manesi miaka thelathini na mmoja. Mtu anayeficha kitu namjua kwa mikono. Zimemkaa?"

"Zimeishia katikati ya mguu. Kisigino kiko nje chote." Mkwe aliuacha mfuko. "Miguu yake imevimba, mama. Ni zile dawa za presha, mwaka wa pili sasa. Ndiyo niliyotaka kukwambia juzi."

"Kwa nini hakusema hazimtoshi?"

"Amenikataza nisikwambie."

"Amekukataza kwa nini?"

Mkwe alitazama sakafu. Alikuwa amelima miaka minne bila kubeba neno, na sasa neno lilikuwa mdomoni.

"Alisema, 'Usimwambie dada kwamba zimenibana. Akisikia atazitaka azifumue. Niachie tu, nitazivaa hivihivi.'"

Bi Vipimo aliziacha sindano. Aliketi na mikono mapajani, na mikono yenyewe aliitazama kama mikono ya mtu mwingine. Kadogo hakuwa mfumaji. Hakujua kwamba slipa haifumuki. Alichojua ni kwamba kitu chochote kilichofumwa na dada, dada anaweza kukigeuza uzi mbele ya macho yake, na afadhali atembee na visigino nje kuliko kuyaona hayo mara ya pili. Miaka minne aliishi na hofu hiyo, na hofu hiyo ilipandwa na mtu mmoja tu. Bi Vipimo alilia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mkwe amemshika bega, mpaka miwani ikajaa ukungu.

Ijumaa jioni alitoka. Jioni, kwa sababu hata katika toba mguu hupimwa jioni. Kwenye kikapu alitia mkasi, sindano kubwa ya kushonea, uzi mnene, kalamu, kadibodi mpya. Tena akaenda jikoni akachukua kipande cha blanketi kilichokuwa kikitumika kama mto wa kigoda, cha mwisho kati ya yale arobaini ya hospitali. Akavaa koti na kofia yake ya kijivu, akavuka mtaa.

Kupiga hodi ndiko kulikomshinda. Aliinua mkono mara mbili akaushusha. Mara ya tatu akagonga kwa nguvu kuliko alivyotaka, kama askari.

"Nani?"

"Mimi."

Ndani kukasikika kishindo cha miguu inayohangaika. Kadogo alifungua akiwa amebana visigino ukutani nyuma ya mlango, kama mtoto aliyeficha kitu. Nyuma yake sebule ilikuwa imevuliwa nguo: maboksi yamefungwa kamba, ukutani mraba mweupe palipokuwa na kioo. Kilichobaki kimesimama ni meza, viti viwili, na birika.

"Kumbe njia bado unaijua," Kadogo akasema.

"Vua kiatu."

Kadogo alicheka kwa pua, bila furaha. "Zimenikaa vizuri, dada. Ahsante."

"Kadogo, kisigino chako kinanitazama."

Mdogo mtu akarudi nyuma hatua moja, slipa zikimbana juu ya mguu. Uso ukabadilika. "Sizitoi. Umeshanipa, ni zangu. Safari hii hufumui kitu hapa."

Na Bi Vipimo, ambaye hakuwahi kumwomba radhi mtu aliyezaliwa baada yake, aliweka kikapu chini.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Si za slipa. Za kofia. Nilikukosea, mdogo wangu. Nilijua nimekukosea kabla sijafika kwangu, nikakaa nalo."

"Miaka minne."

"Miaka minne na miezi miwili."

Kadogo alikaa kitini pole pole, kwa jinsi miguu ile ilivyomruhusu. Akavuta pumzi. "Unajua kwa nini birika lilivaa kofia?"

"Sikuuliza."

"Ndiyo. Hukuuliza." Alinyoosha kidole mezani, mahali palepale. "Ulisema utakuja saa tisa. Saa tisa nikapika chai. Saa kumi ikapoa, nikamwaga, nikapika nyingine. Nikaifunika kwa taulo, taulo halina joto. Nikaona hii nayo itapoa, na wewe chai ya vuguvugu huinywi, utanisema mpaka Jumapili nyingine. Nikavua kofia kichwani mwangu, ina joto langu bado, nikalivisha birika. Ile chai ilikuwa yako, dada. Kulikuwa na baridi nami nimekaa kichwa wazi nakungoja."

Bi Vipimo alishika ukingo wa meza.

"Mbona hukusema?"

"Niseme saa ngapi? Ulikuwa unavuta. Nikaona nikifungua mdomo nitalia, na nikilia utasema nimeanza." Kadogo alifuta macho kwa kiganja. "Kwani ulichelewa kwa nini siku ile?"

"Nilikuwa namalizia safu."

"Nilijua tu. Maisha yako yote unamalizia safu."

Wakatazamana, na ni nani aliyeanza sijui, lakini walicheka na kulia kwa pamoja, vichwa viwili vya mvi karibu karibu, mpaka jirani wa ukuta wa pili akagonga kuuliza kama kuna msiba.

Kadogo alikwenda kupika chai. Aliporudi, dada yake alikuwa ameshapiga magoti, kadibodi sakafuni, kalamu mkononi. Kadogo alivua slipa moja moja kwa wasiwasi, akaziweka juu ya paja lake asiziachie. Mguu ulikuwa mpana, ngozi imevutika inang'aa. Bi Vipimo aliuzungushia kalamu taratibu sana, akipita kwenye kila kidole, asiuguse mahali palipouma. Akaandika nyuma: Kadogo, jioni, na tarehe ya siku ile. Akaiweka kadibodi ya zamani juu ya mpya. Tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili.

"Nipe sasa."

"Utafanya nini?"

"Nipe, Kadogo."

Akapewa. Akachukua mkasi, akaingiza ncha yake kisiginoni.

"Usikate!" Kadogo aliruka kitini. "Zitafumuka, dada! Zitafumuka zote!"

Krach. Mkasi ulipita kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye unyayo. Bi Vipimo akazipanua pande mbili zilizokatwa, akainua slipa usoni pa mdogo wake.

"Vuta."

"Sivuti."

"Tafuta uzi uvute. Kwa kucha. Kama nilivyofanya mimi."

Kadogo aligusa ukingo kwa kidole, akaukwaruza, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu. Hakukuwa na uzi. Akajaribu upande wa pili. Akaigeuza ndani nje. "Uko wapi uzi?"

"Haupo tena. Umekwisha kuwa kitu kimoja."

Akaikata na slipa ya pili vilevile, kisha akakata kabari mbili kwenye lile blanketi la hospitali, akaanza kuzishonea kisiginoni, mshono mrefu, imara, wa juu juu. Ilikuwa kazi ya nusu saa na zaidi, na chai ilikuwa imeshakuja mezani. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Aliitazama chai. Akachomeka sindano kwenye sufu, akavua kofia yake ya kijivu, akalivisha birika, akaivuta mpaka kwenye mdomo.

"Isipoe," akasema, akarudi kwenye mshono.

Kadogo alikaa akilitazama birika.

Slipa zilipokwisha alizivaa. Visigino viliingia. Alisimama, akatembea mpaka kwenye mraba mweupe wa ukutani, akageuka, akarudi, akapiga mguu chini kama anayejaribu kiatu dukani.

"Na nikikuudhi nikiwa huko?" akauliza. "Maana nitakuudhi. Nitakupigia simu nikuudhi."

"Nitakasirika sana."

"Halafu?"

Bi Vipimo alikuwa anakusanya vijipande vya sufu sakafuni, kila kimoja, akivitia mfukoni. "Halafu nini? Hizo hata mimi siziwezi."

Kadogo aliivua kofia birikani, akamimina. Mvuke ukapanda. Bi Vipimo alikishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akanywa, akaomba kingine.